Siku Arobaini na Tano za Mfalme Kipupwe

Ulimwona. Usianze kuniambia ulikuwa umeinama kufunga kamba za viatu, maana siku hiyo ulivaa ndala. Walipompitisha Telesfori mtaani kwetu saa nne asubuhi, askari wawili mbele, wawili nyuma, yeye katikati na shuka la kitandani bado liko begani, wewe ulikuwa umesimama mlangoni kwako na mswaki mdomoni. Ukageuka, ukatema povu ukutani. Ukatema taratibu mno, kama mtu anayetia saini. Ulipomaliza kutema walikuwa wameshakata kona, na mkewe Eufrasia anakimbia nyuma yao na kiatu kimoja cha mumewe mkononi.

Mimi sikulaumu. Nchi yetu ni ya amani, na amani ina kanuni zake, ya kwanza ikiwa kila mtu atazame ukuta wake. Nataka tu kukukumbusha mambo haya yalianzaje. Wewe umejaliwa kusahau, mimi sikujaliwa, na leo kabla jua halijafika utosini utahitaji kukumbuka.

*

Kwa faida ya wageni, na ya wale wanaojifanya wageni: sisi hatuna katiba. Tuna desturi, ambayo ni bora zaidi kwa kuwa haichaniki. Desturi yenyewe ni fupi. Anayemzika mfalme ndiye mfalme. Si mwanawe wa kwanza, si aliyeandikwa kwenye wosia. Aliyeshika jembe mbele ya watu akamfukia marehemu, huyo ndiye mwenye nchi. Wazee waliitunga kwa nia njema, ili mtu asikalie kiti kabla hajamheshimu aliyekikalia. Waliona mbali, wazee wetu. Hawakuona mbali vya kutosha.

Desturi hiyo ina tawi dogo. Wachonga mawe wanaochimba kaburi la kifalme hufungiwa ndani ya Ukuta wa Makaburi mpaka siku ya mazishi, asije mtu mwenye tamaa akawarubuni wamwonyeshe njia, akaingia na maiti kwa nyuma na kutoka akiwa mfalme. Zamani hiyo ilikuwa heshima kubwa. Unaingia Jumatatu, mfalme anazikwa Alhamisi, unatoka na mbuzi mabegani na wanawake wanakupigia vigelegele. Babu yake Telesfori aliingia mara mbili na kutoka mara mbili.

Basi alipofariki Mfalme Leonsi, aliyetutawala miaka thelathini na mmoja, wachonga mawe thelathini na wawili waliingia siku hiyo hiyo wakiimba. Telesfori akamwambia Eufrasia, "Loweka maharage Jumatano. Alhamisi nitakuja na njaa."

Hiyo ni miaka miwili na miezi mitatu iliyopita. Maharage yalilowekwa.

*

Shida ilikuwa ndogo tu. Mwana mkubwa wa Leonsi alikuwa na kiti, lakini mdogo wake alikuwa na maiti. Aliichukua chumbani kabla haijapoa, akaificha ngomeni kwake milimani. Kwa miezi tisa tukawa na mfalme asiye na wa kumzika, na mzikaji asiye na njia ya kufika kaburini. Maiti ikatiwa ndani ya pipa la asali isiharibike. Pipa lenyewe ni kubwa kama chumba cha mpangaji. Ikaundwa Wizara ya Asali, ikakusanya asali ya nchi nzima hadi ya mwisho, na ndiyo sababu mwanao wa miaka miwili ukimwambia neno "asali" anadhani ni jina la ofisi.

Kisha mwana mkubwa akaugua ghafla mgongoni, ugonjwa wenye mpini wa pembe. Mdogo akashuka na pipa lake kwa shangwe, akafika mjini, akaanguka kutoka juu ya farasi ambaye wakati huo alikuwa zizini anakula. Akafuata mjomba wao, aliyekabwa na mwiba wa samaki katika mwaka ambao hakuna aliyeona samaki. Wote watatu walifukiwa nyuma ya mazizi bila ngoma, maana desturi inasema asiyezika si mfalme, na asiye mfalme hachimbiwi kaburi la kifalme. Na Leonsi akaendelea kukaa ndani ya asali, mtu pekee katika ukoo ule aliyekuwa salama.

Ukuta ulibaki umefungwa. Upande wa mashariki una tundu, ukubwa wa chungu, si chungu kikubwa. Kila siku adhuhuri Eufrasia alipitisha chakula pale, yeye na wake wengine. Humo ndani ni vumbi la jiwe. Linaingia kifuani, halitoki. Kufikia mwaka wa pili, wale thelathini na wawili walikuwa ishirini na sita. Sita walizikwa humo humo na wenzao, kila mmoja siku ya pili ya kufa kwake, kwa sala na kwa adabu zote. Wachonga mawe hawakuhitaji kamati.

*

Sasa tumfikie Apolinari.

Mjomba alipokwishafukiwa, jeshi liliitwa uwanjani kuchagua mtu mwingine wa kujaribu. Unajua utaratibu: wagombea wanapita mmoja mmoja mbele ya askari, askari wanagonga mikuki kwenye ngao, na mwenye kelele ndefu kuliko wote ndiye. Siku hiyo walikuwapo wagombea watatu, watu wazito, kila mmoja na hotuba. Walipita. Kimya. Askari walikuwa wamesimama tangu alfajiri bila kitu tumboni, na uji haukuwa umefika.

Apolinari alikuwa mtoto wa ndugu yake Leonsi, mwanamume mrefu mwenye mabega ya kuomba radhi. Kazi yake ilikuwa kusimamia majani ya farasi. Alikuwa anakatiza uwanjani na tita kichwani, kwa sababu njia ile ni fupi, na ndipo sufuria la uji likaonekana kwenye lango la jikoni. Jeshi zima likagonga ngao. Likagonga kama mvua ya mawe juu ya bati. Ndivyo askari wanavyodai uji, tangu enzi na enzi, kila mpishi anajua.

Katibu Mkuu wa Itifaki, Mzee Krisanti, ambaye amewatumikia wafalme wote na kuwalilia wote kwa leso ile ile, aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake. Akasikia kelele. Akatazama nani yuko mbele ya jeshi. Akaandika.

"Mimi napita tu," Apolinari alisema walipomvika joho.

"Ndivyo walivyosema wote, Mtukufu," Krisanti akamjibu.

Ilikuwa siku ya kwanza ya kipupwe. Upepo wa milimani ulivuma ukalibeba lile joho na kumfunika nalo uso, na hotuba yake ya kwanza kwa taifa aliitoa akiwa humo ndani. Watu wakamwita Mfalme Kipupwe. Jina likamkaa kuliko joho.

*

Nitasema kitu kitakachokushangaza. Hakuwa mtu mbaya. Nimewakumbuka wabaya wote kwa majina na kwa tarehe, na yeye simweki humo. Siku ile ile jioni alimwita Krisanti na kumwambia, "Mzee wangu, si tumzike tu? Maiti ipo. Kaburi lipo. Jembe lipo."

Krisanti alitabasamu kwa huruma. "Mtukufu, hivyo ulivyotaja ni vifaa. Mazishi ni kamati."

Kamati ikaundwa. Wajumbe sitini na mmoja, kwa kuwa kila nyumba iliyowahi kula meza moja na marehemu ilitaka mwakilishi. Ajenda ya kwanza ilikuwa kuunda kamati ndogo. Ajenda ya pili ilikuwa wasifu wa marehemu, na humo ndimo walimozama.

Maana wasifu lazima useme marehemu alikufaje, na Leonsi, jamani, alikufa kwa uzee. Alilala mchana baada ya chakula, hakuamka. Basi.

"Haliandikiki hilo," alisema mwenyekiti wa kamati ndogo. "Katika ukoo huu, kufa kwa uzee kunatia shaka. Watu watauliza tunaficha nini."

"Tuandike sumu. Sumu ina heshima yake."

"Ukiandika sumu utamtaja mpishi. Na mpishi ni shemeji yangu."

"Basi alikufa vitani."

"Alikufa kitandani, bwana!"

"Kwani kitandani hakuna vita? Muulize mjane wake."

Wakacheka, wakapiga makofi mezani, wakaahirisha. Kesho yake wakaanza upya, kwa sababu upepo ulikuwa umeingia dirishani na kuchukua mhtasari wa kikao, na kikao kisicho na mhtasari hakikufanyika. Siku kumi na tisa walibishania sentensi moja. Siku nyingine tano zilikwenda kwenye machela ya kubebea maiti: ina mikono minne, na koo zinazostahili kushika mkono wa mbele kulia ni saba. Mjumbe mmoja akapendekeza machela yenye mikono saba upande mmoja. Likapita kwa kauli moja. Fundi alipoileta ikawa inajizungusha.

Na kila siku adhuhuri, Eufrasia na chungu chake tunduni.

*

Siku ya thelathini mfalme alifanya jambo ambalo mtangulizi wake yeyote hakulifanya. Alikwenda kwenye Ukuta kutazama. Aliamuru pipa la asali lipelekwe huko huko juu ya mkokoteni, ili wajumbe waone kwa macho kwamba kati ya maiti na kaburi ni hatua ishirini. Wajumbe wakaja na miavuli, upepo ukaichukua.

Eufrasia alikuwa pale. Hakusogea njiani.

"Mpisheni Mtukufu!" askari akafoka.

"Mwache," Apolinari akasema. "Mama, una shida gani?"

"Sina shida, baba. Nina mume. Yumo humo."

"Nimesikia kuna wagonjwa."

"Umesikia? Basi sogea hapa tunduni, usikie vizuri."

Na kweli mfalme alisogea. Aliinama, mtu mrefu vile, akaweka sikio kwenye tundu la chungu. Kutoka ndani kikatoka kikohozi, kisha kicheko, kisha sauti ya Telesfori.

"Ni nani huyo anatuziba mwanga?"

"Mimi. Mfalme."

"Yupi?"

Wajumbe wakashika vinywa. Apolinari hakukasirika. "Apolinari. Wa majani ya farasi."

"Aa, wewe! Tulisikia. Uji ulifika lakini?"

"Ulifika."

"Mshukuru Mungu. Sasa, Mtukufu, nikupe taarifa ya kazi. Kaburi limekwisha. Limekwisha mwaka wa kwanza, mwezi wa kwanza. Tumechonga na ngazi. Tumechonga viti vya wageni. Tumechonga jiko, na ndani ya jiko tumechonga chungu, na ndani ya chungu maharage, moja moja, ya jiwe. Mikono ikikaa bure vumbi linaonekana limezidi." Akakohoa kwa muda ambao mtu angeweza kuvua viatu na kuvivaa tena. "Hatuna la kuongeza. Mlete mzee wetu alale, na sisi tukalale."

Mfalme alipoinuka macho yake yalikuwa mekundu. Upepo, labda. Akasema kwa sauti, sote tulisikia, "Kesho namzika."

"Mzike leo," Eufrasia akasema.

"Mama..."

"Leo, baba yangu. Pipa lile pale. Mlango huu hapa, komeo lake ni moja na liko upande wetu. Jembe kama huna nimekuja na langu." Na kweli alikuwa nalo, amelisimamisha ukutani. "Tupa udongo mara tatu tu. Mara tatu! Utakuwa mfalme wa kweli na mimi nitakwenda nyumbani na mume wangu. Kuna nani wa kukuzuia?"

Hapakuwa na wa kumzuia. Ndilo jambo linaloniwasha kama upupu mpaka leo. Jenerali Polikarpi, mkuu wa majeshi, alikuwa mpakani na nusu kubwa ya askari, analinda mpaka ambao hakuna aliyeutaka. Askari waliokuwapo walikuwa wa Apolinari, wamekunywa uji. Hatua ishirini. Alinyoosha mkono kuelekea lile jembe, nakuapia, vidole vilifika kwenye mpini.

Krisanti akakohoa. Kikohozi kidogo tu, cha leso.

"Mtukufu, wasifu haujapitishwa."

Na mkono ukarudi ndani ya joho.

*

Alichofanya badala yake ni waraka. Alikuwa na aibu, na mtu mwenye aibu na muhuri huandika waraka. Siku ya arobaini na moja ulibandikwa langoni: wagonjwa watoke, wenye nguvu wasubiri mazishi. Komeo likavutwa. Wakatoka watu tisa, weupe wa vumbi kichwa mpaka mguu, wamefumba macho kwa jua, kama watu waliochongwa na mtu mwenye haraka. Telesfori alikuwa wa saba. Eufrasia hakumtambua mpaka alipotaniwa.

"Maharage yameiva?"

Nyumbani alikaa juani uani, hataki kuta. Ulikuja kumsalimia, usijifanye. Ulikaa kwenye kigoda cha bluu, ukala maharage bakuli mbili, ukasema, "Shemeji, pole sana, lakini tumshukuru Mfalme Kipupwe." Na Telesfori akakwambia, "Wenzangu kumi na saba bado wamo." Nawe ukauliza kama kuna chumvi.

Aliota jua siku nne. Alichokitema kilikuwa kama lipu. Mganga akasema kifua kinataka hewa safi na muda, vikipatikana vyote viwili ataishi miaka. Eufrasia akaanza kupanga ile miaka: wangepanda nini nyuma ya nyumba, bati lipi libadilishwe. Nilimsikia akiimba. Ana sauti mbaya sana, na sikuwa nimeisikia kwa miaka miwili.

*

Jenerali Polikarpi alifika siku ya arobaini na tano. Upepo ulikuwa umekata asubuhi hiyo, bendera zote zimelala. Krisanti alikuwa amemwandikia barua kumjulisha kwamba kiti, kwa maoni ya itifaki, kina mtu lakini kiko wazi.

Apolinari hakupigana. Kuna wanaosema alistaafu kwa hiari yake akiwa ndani ya gunia la majani ya farasi. Wengine wanasema gunia lilikuwa limeshonwa kwa nje. Mimi sikuwapo. Najua tu kwamba mkokoteni wa majani uliondoka mjini kuelekea machinjioni, na farasi hawali machinjioni.

Polikarpi akapanda jukwaani na kutuhutubia. Ulikuwapo, ulipiga makofi.

"Wananchi! Kwa siku arobaini na tano nchi hii haikuwa na mfalme. Ilikuwa na upepo. Je, upepo unatawala? Upepo unatia saini? Upepo una tarehe? Hapana! Basi kuanzia sasa siku hizo hazikuwapo. Leo ni ile siku ya uji, na uji ndio kwanza unakuja!"

Makofi. Uji ukaletwa kweli, tukanywa, nami nilikunywa.

Amri ilitekelezwa kwa bidii ambayo sikuwahi kuiona hata kwenye moto. Waliozaliwa katika siku hizo waliambiwa wasubiri kuzaliwa. Waliofunga ndoa walitenganishwa mpaka wachumbiane upya. Wajane wapya walitakiwa kuwaleta waume zao ofisini wathibitishe. Na asubuhi iliyofuata, saa nne, askari wanne waliingia uani kwa Eufrasia. Walikuwa na sajini kijana wa mtaa wa pili, anaitwa Evodi, dada ya mama yake ni rafiki wa Eufrasia tangu usichana.

"Shangazi, shikamoo. Tumemfuata mzee."

"Marahaba. Mmemfuata aende wapi? Ametolewa kwa waraka, una muhuri."

"Waraka una tarehe, shangazi. Tarehe haipo."

"Mtu yupo! Huyu hapa, Evodi, amekaa, anakunywa chai!"

Kijana alitazama chini. "Kwa mujibu wa kitabu yuko ndani. Sasa akionekana nje, ni mtoro. Mtoro adhabu yake naijua, na wewe unaijua. Bora arudi ndani, awe hajatoka."

Telesfori ndiye aliyemaliza mabishano. Aliweka kikombe chini, akajifunga shuka. "Frasia, usimtukane kijana. Anasoma alichoandikiwa. Nipe viatu." Akavaa kimoja. Cha pili hakikuonekana haraka, wakampitisha hivyo hivyo mtaani, na kilipoonekana chini ya kitanda Eufrasia akakimbia nacho. Hapo ndipo ulipokuwa unatema povu.

Wote tisa walirudishwa. Komeo likaingia.

*

Hayo ni ya wiki tatu zilizopita. Ya juzi ni haya. Jenerali Polikarpi, kwa hekima yake, ametangaza kwamba kuchimba makaburi mara kwa mara ni usumbufu. Kwa hiyo kaburi la Leonsi litapanuliwa liwe na chumba cha Polikarpi mwenyewe, na wachonga mawe watabaki humo mpaka naye atakapozikwa. Mtukufu ana umri wa miaka arobaini na mmoja, anakula vizuri, na amesema hana haraka.

Krisanti alilisoma tangazo akalilia kwa leso.

Jana adhuhuri Eufrasia alipopitisha chungu, mikono iliyokipokea haikuwa ya Telesfori. "Yuko wapi?" akauliza. "Amelala," wakamwambia. "Mchana?" "Mama, hawezi kusimama kufika hapa. Lakini anagonga. Sikiliza." Akaweka sikio. Mbali ndani, jiwe juu ya jiwe, pole pole. Mganga alisema hewa na muda. Hewa iko nje ya mlango ule, na muda ninakuhesabia mimi.

Ninakwambia kilichopo sasa hivi, si kesho. Sasa hivi jeshi lote liko uwanjani linamgongea Polikarpi ngao. Sikiliza, unazisikia hata hapo ulipo. Wataendelea mpaka adhuhuri, maana safari hii ameficha uji makusudi. Pipa la Leonsi bado liko juu ya mkokoteni pale pale lilipoachwa siku ya thelathini, kwa kuwa kulirudisha ghalani kunataka kamati. Mlinzi ni mmoja, Evodi. Eufrasia amemwendea asubuhi hii bila kumtukana, akamwuliza kazi yake ni nini.

"Kulinda pipa lisiibwe, shangazi."

"Na tukilizika?"

Kijana akalitazama pipa, akalitazama tundu. Kisha akaegemeza mkuki wake ukutani. "Kuzika si kuiba," akasema.

Najua unachotaka kuuliza, Krisanti alishauliza kupitia dirisha la ofisi yake, tulipopita na kamba. Anayemzika mfalme ndiye mfalme. Sasa mkizika nyinyi nyote, kila mtu na konzi yake ya udongo, mfalme atakuwa nani? Swali zuri. Halijawahi kuulizwa swali zuri kuliko hilo katika nchi hii, nami nataka kulijibu kesho, nimekaa chini na watu ishirini na sita waliotoka ndani. Ishirini na sita. Si ishirini na watano. Leo desturi inataka udongo tu, na komeo likishavutwa kwa sababu ya mazishi hakuna mfalme, wala jenerali, wala mwenye kufuta siku, anayeweza kusema hayakufanyika, kwa sababu maiti itakuwa chini na mji mzima utakuwa na matope kwenye kucha.

Tumefunga kamba kwenye mkokoteni. Ni mzito, una asali ya nchi nzima. Tumejaribu kuuvuta, umesogea kiganja kimoja. Unataka watu arobaini. Wapo wake wa wachonga mawe wanane, yupo Eufrasia, yupo Evodi, na mimi. Kumi na mmoja. Kamba ndefu bado iko chini, haina mikono.

Toka nje. Usipige pasi, usifunge duka, usimwulize jirani kama anakwenda, mvute. Njia ni ya mashariki, fuata ukuta. Ukifika usimsalimie mtu, pita moja kwa moja kwenye kamba. Ishike. Vuta.